UZI: Umefungua pikipiki mwenyewe na kuirudishia. Kagua hivi kabla hujaingia barabarani

#1 Namba17 (Morogoro)

Salaam wakuu.

Uzi huu ni wa wanaofungua pikipiki wenyewe nyumbani: kubadilisha tairi, breki shuu, seti ya cheni, waya wa klachi, kusafisha kabureta. Nalenga hizi tunazotumia wengi, cc 100 hadi 150, yaani Boxer, TVS HLX na zile za Kichina zenye injini ya muundo wa Honda CG125.

Kosa la kawaida ni kukagua kwa spana peke yake. Mtu anapitia kila nati, anakuta imekaza, anawasha na kuondoka. Spana haikuambii kama kilicho chini ya nati kimekaa mahali pake, na vitu vya hatari zaidi kwenye pikipiki ni vile vinavyokubali kukazwa vikiwa vimekaa vibaya.

Kabla ya yote angalia kopo ulilowekea nati. Kikibaki chochote, hata washa moja, kazi haijaisha. Tafuta kilipotoka.

Gurudumu la mbele lenye breki ya dramu. Ile sahani inayobeba breki shuu ina pengo pembeni, na mguu wa shokapu una nundu kwa ndani. Nundu lazima iingie ndani ya pengo. Isipoingia, ekseli itapita, nati itakaza, gurudumu litazunguka, na breki ikijaribiwa pikipiki ikiwa imesimama itaonekana inashika. Ukija kushika breki ukiwa kwenye mwendo, sahani inazunguka pamoja na gurudumu, inavuta waya wa breki, gurudumu linajifunga na wewe unaenda mbele. Ukaguzi ni wa sekunde kumi: chuchumaa, mulika tochi kwa chini uone nundu ikiwa ndani, kisha shika sahani kwa mikono miwili ujaribu kuizungusha. Iwe haizunguki. Kucheza kidogo sana ndani ya pengo hakuna shida.

Nyuma mantiki ni ileile, ila sahani inashikwa na chuma kirefu bapa kinachotoka kwenye swingamu (ule mkono wa fremu unaoshika gurudumu la nyuma). Chuma hicho kina bolti mwishoni, nati yake, na splitipini (kile kipini cha miguu miwili kinachozuia nati isifunguke). Watu hukisahau kwa sababu gurudumu linaingia vizuri hata kisipofungwa. Weka bolti, kaza nati, ingiza splitipini mpya na uikunje miguu yote miwili. Msumari au kipande cha waya si splitipini, kitakatika kwa mtikisiko.

Kabla ya kukaza nati ya ekseli kwa mara ya mwisho, kanyaga breki ya nyuma kwa nguvu na ubaki umekanyaga, ndipo mwenzako akaze. Breki shuu zinapobana dramu, sahani inajiweka katikati. Usipofanya hivyo mara nyingi breki inashika upande mmoja na pedali inakuwa kama sponji, ukidhani shuu ni mbovu. Mbele fanya vivyo hivyo kwa mkono wa breki.

Ukishakaza, zungusha gurudumu kwa mkono likiwa hewani. Likizunguka vizuri nati ikiwa imelegea na kuwa zito ukikaza, usilegeze nati ili lizunguke. Kuna bushi iliyokosekana, au ya kushoto imewekwa kulia, au ile bomba ya ndani inayotenganisha beringi mbili haikurudi kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Bila hiyo bomba, nati inazibana beringi kwa ubavu na hazitakaa muda. Fungua tena.

Kwa mbele kuna na kile kigiabox cha spidomita. Ndani kina meno mawili yanayotakiwa kuingia kwenye nafasi za habu. Kikikazwa meno yakiwa juu juu, kinavunjika au kinabana gurudumu. Zungusha gurudumu huku unakizungusha kidogo kidogo mpaka kidumbukie, kisha ndiyo ukaze.

Nitaendelea na cheni. Wenye maswali karibuni.

#2 Kibaruti (Mwanza)

Mkuu shukrani, hapo kwenye nundu wengi tulikuwa hatupajui. Swali: kukaza ekseli kunatakiwa nguvu kiasi gani? Torki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza) hatuna wengi wetu.

#3 FundiGurudumu (Dodoma)

Kibaruti, kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata. Ukikikosa, kwa hizi ndogo ekseli ya mbele huwa karibu Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 50 hadi 60, ya nyuma Nm 60 hadi 90. Bolti nyingine zinategemea unene wa uzi wake: ya milimita 6 (kichwa namba 10) ni karibu Nm 10 tu, ya milimita 8 (kichwa namba 12 au 13) ni Nm 20 hadi 25, ya milimita 10 (namba 14 au 17) ni karibu Nm 45.

Kuipata bila torki spana: chukua spana yenye urefu wa sentimita 30 kutoka katikati ya nati hadi pale unaposhika. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20 na kidogo. Ukivuta ncha ya hiyo spana kwa nguvu ileile unayotumia kuinua hiyo ndoo, umefika karibu Nm 60. Inua ndoo kwanza kwa mkono mmoja, usikie uzito, halafu nenda kwenye nati. Mwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia, aifunge kwenye ncha ya spana avute mpaka isome kilo 20. Hiyo ni sahihi zaidi ya mkono.

Kwa bolti za namba 10 hatari ni kinyume chake. Shika spana fupi karibu na kichwa, vuta kwa vidole. Bolti hizi ndizo zinazokatikia ndani ya alumini ya injini, na kuitoa ni kazi kubwa kuliko matengenezo yenyewe.

Spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo) usiitumie kwa ukazaji wa mwisho wa ekseli. Inateleza, inakula kona za nati, na mkono unadanganywa kwamba nati imefika.

Jambo la kuongeza: ukimaliza kukaza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati kwenda kwenye chuma kilicho jirani. Rangi ya kucha inafaa sana, nyekundu au nyeupe. Nati ikijizungusha hata kidogo mstari unakatika na unaona kwa macho bila kushika spana. Chora kwenye ekseli zote mbili, bolti ya chuma cha sahani ya breki, bolti za shokapu za nyuma, za usukani na nati za sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni).

#4 Namba17

Cheni sasa.

Weka pikipiki stendi kubwa, gia huru. Bonyeza cheni katikati ya upande wa chini, juu na chini. Kwa nyingi za aina hii mchezo ni milimita 20 hadi 30, sawa na upana wa kidole kimoja na nusu hadi viwili. Angalia kibandiko kwenye swingamu au kava la cheni kama kipo. Usipime sehemu moja ukaridhika. Zungusha gurudumu robo, pima tena, mpaka mara nne. Cheni iliyokwisha ina sehemu ngumu na sehemu legevu. Seti kwa kufuata sehemu iliyo ngumu zaidi. Tofauti ikiwa kubwa, mfano sehemu moja 15 na nyingine 40, hakuna kuseti kutakakosaidia, seti nzima ibadilishwe.

Kufuli ya cheni, kile kibati chenye umbo la samaki: upande uliofungwa utangulie kule cheni inakoelekea. Cheni ya juu inakwenda mbele, kwa hiyo kufuli ikiwa upande wa juu, kichwa kilichofungwa kielekee mbele ya pikipiki na mkia uliopasuka uelekee nyuma. Ikiwa kinyume, kitu chochote kikigusa mkia kinaisukuma itoke. Baada ya kuiweka, ibonyeze kwa kucha uone imeingia kwenye mifereji ya pini zote mbili. Mara nyingi inakuwa imeingia pini moja, ya pili imekaa juu tu.

Sproketi ya mbele kwenye injini za CG inazuiwa na kibati chenye meno. Kibati kinapitishwa kwenye meno ya shafti hadi kwenye mfereji, kinazungushwa kidogo, kisha bolti mbili za namba 10 zinakishika na sproketi. Shika sproketi uitikise: itacheza kidogo, lakini isiweze kutoka nje.

Alama za swingamu kushoto na kulia ziwe sawa. Kisha usiziamini. Chuchumaa nyuma, funga jicho moja, angalia cheni kwa urefu wake kutoka sproketi ya nyuma. Inatakiwa inyooke kama uzi uliovutwa, bila kupinda inapotoka kwenye meno.

#5 CheniKavu (Nakuru)

Naongezea hapo kwa wanaobeba abiria na mizigo. Mchezo huo ni wa pikipiki ikiwa haina mtu. Shokapu za nyuma zikibonyea kwa uzito, umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka na cheni inajikaza. Wengi hukaza cheni hadi iwe kama waya wa nguo kwa sababu inaonekana nadhifu. Ukipakia watu wawili na gunia, cheni inavuta shafti ya gia na beringi za gurudumu kila ukipita shimo. Matokeo ni oili kuvuja kwenye sili ya sproketi ya mbele, kisha beringi kulia.

Ukaguzi ni rahisi: ukimaliza kuseti, waketi watu wawili juu yake, wa tatu apime. Lazima mchezo ubaki, hata milimita 10.

Na cheni legevu kupita kiasi ni mbaya pia. Ikiruka na kujikusanya mbele inaweza kupasua kava la injini au kufunga gurudumu la nyuma.

#6 Pwani_Rider (Mombasa)

Jameni, sisi wenye diski mbele mbona mmetuacha? Nimebadilisha pedi, kila kitu kiko sawa ila mkono wa breki unaingia hadi kwenye usukani.

#7 FundiGurudumu

Pwani_Rider, usiisogeze hiyo pikipiki hata hatua moja kwanza.

Ulipoweka pedi mpya ulisukuma pistoni ya kalipa irudi ndani. Sasa kuna nafasi kati ya pistoni na pedi. Kamua mkono wa breki taratibu mara kumi, kumi na tano, mpaka uwe mgumu. Hii ifanywe kila mara pedi au gurudumu la mbele linapotolewa, ukiwa bado umesimama. Anayesahau anagundua kwenye makutano ya kwanza kwamba kamuo la kwanza halina breki.

Ukiwa mgumu, shika kwa nguvu zako zote uhesabu hadi sitini. Ukibaki pale ulipo, vizuri. Ukizama polepole kuelekea usukani, kuna kuvuja: angalia viungo vya paipu, au mipira ya masta (pampu ya breki iliyo kwenye usukani) imekwisha kwa ndani. Ukiwa laini kama sponji lakini hauzami, ni hewa, toa hewa upya.

Viungo vya paipu vina washa mbili za shaba, moja kila upande wa kiungo. Zikifunguliwa ziwekwe mpya. Zimeshabonyea kwa umbo la mwanzo na zikirudishwa huvuja kwa presha hata kama hazivuji zikiwa zimetulia. Shika breki kwa nguvu, pangusa kiungo kwa karatasi nyeupe. Ikilowa, fungua.

Mafuta ya breki ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini ikiingia humo inavimbisha mipira yote. Yawe kati ya alama ya chini na ya juu. Mafuta yakidondokea rangi ya tangi mwagia maji mengi mara moja, yanababua.

Mwisho kabisa diski yenyewe. Vidole vyenye grisi vikiigusa, pedi zinanyonya. Ifute kwa spiriti na kitambaa safi pande zote mbili. Na unene wa chini unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski penyewe, tafuta maandishi MIN TH na namba yake.

#8 Pwani_Rider

Imekuwa ngumu baada ya kukamua mara kumi na mbili. Nimehesabu sitini, haizami. Ahsante sana fundi.

#9 DukaLaSpea (Arusha)

Upande wa vipuri, maana ukaguzi mwingine unaanzia dukani.

Breki shuu za dramu: usinunue kwa jina la pikipiki peke yake. Kuna dramu za milimita 110 na za 130, na toleo moja hadi jingine hubadilika. Nenda na shuu ya zamani, zilaze juu ya mpya zilingane, hasa ule upande wa bapa unaokaa kwenye kamu (kile chuma kinachozunguka na kutanua shuu). Shuu nene kupita kiasi itaingia kwa kugongwa na itabana muda wote. Ikiwa imekataa kuingia kwa mkono, si ya hapo.

Nati zenye pete ya nailoni ndani: zikifunguliwa mara kadhaa nailoni inakwisha. Ikiwa unaweza kuizungusha kwa vidole hadi mwisho, haina kazi tena.

Splitipini nunua kumi kwa pamoja za saizi yako uwe nazo. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote dukani, na ndiyo inayorudishwa ya zamani mara nyingi kuliko zote. Ikishanyooshwa mara moja chuma chake kimechoka pale kwenye kona.

#10 Kibaruti

Je, breki ya nyuma ya dramu iwe na mchezo kiasi gani? Na ule mkono mdogo kwenye sahani nimekuta unaweza kuwekwa pozi tofauti tofauti.

#11 Namba17

Swali zuri, maana hapo pana mtego.

Pedali ishuke milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kushika. Mkono wa breki wa mbele wa dramu ni milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha. Chini ya hapo breki inabaki imegusa na itapata moto.

Ule mkono kwenye sahani una alama ya nukta, na ncha ya shafti ya kamu ina nukta au mstari wake. Zikutanishwe. Kuna tabia ya kuuruka mkono jino moja ili shuu zilizokwisha ziendelee kushika. Breki inarudi kwa siku chache, lakini sasa kamu inasimama wima ikibana, na inaweza kupinduka isirudi. Hapo breki imejifunga. Pia kile kishale cha kuonyesha kuisha kwa shuu kinakuwa kinadanganya.

Kipimo cha macho: mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu, angalia pembe kati ya mkono huo na fimbo ya breki. Isizidi nyuzi 90. Ikizidi, kila unavyokanyaga zaidi ndivyo nguvu inayofika kwenye shuu inavyopungua.

Nati ya kusetia kwenye ncha ya fimbo ina mgongo wa mviringo unaokalia kile kipini. Isikie ikidumbukia kila nusu mzunguko. Ikiishia juu ya kingo, itajizungusha yenyewe na utapoteza seti njiani.

Ukimaliza kuseti pedali, taa ya breki lazima iangaliwe upya. Springi yake imefungwa kwenye pedali hiyohiyo. Taa iwake kidogo kabla breki haijashika. Kuirekebisha, shika mwili wa swichi usizunguke, zungusha nati yake tu. Ukizungusha swichi yenyewe unakata nyaya zake kwa chini. Na usisahau swichi ya mkono wa mbele, ijaribu peke yake.

#12 Kabureta_Safi (Kahama)

Naona hakuna aliyegusa moto wa mkononi, yaani mshiko wa kuongezea mwendo. Hili ni la waliosafisha kabureta au kubadilisha waya.

Ile pistoni ya kabureta, slaidi, ina mfereji mrefu upande mmoja na mkato mpana upande mwingine. Mfereji mrefu unaingia kwenye kipini kidogo kilicho ndani ya mwili wa kabureta, na mkato mpana unaelekea kwenye hewa safi, upande wa filta. Ikigeuzwa, ukikaza kifuniko inabaki imeinuka. Ukiwasha, injini inapaa na haishuki. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, zungusha moto hadi mwisho na uachie ghafla. Usikie mlio wa "tak" slaidi ikifika chini. Hakuna tak, hakuna kuwasha.

Fanya hivyo mara tatu: usukani ukiwa katikati, ukiwa umekatwa kushoto hadi mwisho, na kulia hadi mwisho. Mkononi mchezo uwe milimita 2 hadi 6 kabla waya haujaanza kuvuta.

Kisha washa ikiwa gia huru, iache silensa, yaani ingurume polepole bila kuvuta moto. Kata usukani pande zote polepole. Mlio usibadilike hata kidogo. Ukipanda, waya umepita pabaya na utakuongezea mwendo mwenyewe wakati unakata kona. Kabla hujaendelea, jaribu na swichi ya kuzimia injini. Ujue inafanya kazi sasa, si siku utakayoihitaji.

Petroli: fungua koki, subiri dakika tano, pitisha kidole chini ya bakuli la kabureta na kwenye klipu za mpira. Ikitoka kwenye mpira wa kumwagia, floti imekwama au sindano yake ina uchafu. Usiondoke nayo hivyo, ekzosi iko karibu.

#13 FundiGurudumu

Kabureta_Safi umenikumbusha usukani.

Inua gurudumu la mbele liwe hewani, weka gogo chini ya injini. Shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta mbele na nyuma. Ukisikia "koto", gololi za shingo zimelegea. Kisha achia usukani katikati na uguse upande mmoja kwa kidole: uanguke wenyewe hadi mwisho, na upande wa pili vilevile. Ukisimama katikati kama umenata, nati ya shingo imekazwa mno au gololi zimekula njia yake. Pikipiki yenye shingo ngumu inayumba kwa mwendo mdogo na mpanda farasi huyu wa chuma anahangaika kuinyoosha kila sekunde.

Kama ulitoa usukani, vile vishikizo vya juu vina nukta, nayo inakaa mbele. Kwa aina nyingi bolti za mbele zinakazwa kwanza hadi mwisho, kisha za nyuma, na nafasi inabaki nyuma. Kalia pikipiki, bonyeza usukani chini kwa uzito wako. Usizunguke.

Angalia nyaya za umeme nyuma ya taa kubwa usukani ukiwa umekatwa mwisho. Zikivutika hadi kunyooka, zitakatika kwa ndani bila kuonekana. Fyuzi iwe ya ampea zilizoandikwa kwenye kisanduku chake. Karatasi ya sigara hapo itaunguza wayaringi yote.

#14 TairiMpya (Kigoma)

Waliobadilisha tairi au kuziba pancha, mambo machache.

Mshale wa ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu. Ukishajaza upepo, angalia ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu, uzunguke kwa umbali uleule pande zote. Ukizama sehemu moja tairi halijakaa, litadunda. Toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena.

Valvu isimame wima. Ikiwa imelala, tyubu imevutwa na itapasuka kwenye mzizi wa valvu. Nati ya valvu usiibane kwenye rimu, ipandishe ikae chini ya kifuniko. Hivyo tairi likihama kwenye rimu utaona valvu imelala kabla haijakatika.

Upepo: kwa saizi ya 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria, isipokuwa kitabu chako kiseme vingine. Pima, acha usiku, pima asubuhi. Tyubu iliyobanwa na chuma cha kufungulia tairi hutoa upepo polepole sana na saa ya kwanza huoni kitu.

Spoku zigonge na spana ndogo moja baada ya nyingine. Zinazolia ni nzuri, inayotoa sauti ya kufa imelegea. Funga kipande cha waya kwenye swingamu kikaribie rimu, zungusha. Rimu ikisogea zaidi ya milimita 2 ubavuni, peleka kwa anayenyoosha.

Tairi jipya linateleza kwa kilomita 150 hivi za mwanzo. Kona na breki ziwe za taratibu, hasa kwenye lami yenye maji.

#15 Kibaruti

Na oili? Nimebadilisha pia. Halafu mtuambie namna ya kuijaribu barabarani.

#16 Namba17

Oili: washa dakika tatu, zima, subiri dakika tatu, pikipiki ikiwa wima sehemu tambarare. Kwa injini za CG kijiti cha kupimia hakikazwi, unakiegemeza tu kwenye uzi wake na kusoma. Ukikikaza kitasoma zaidi na utajikuta umeweka pungufu. Nati ya kumwagia ikae na washa nzima. Lala chini uangalie, kwa sababu oili ikivuja pale, upepo unaipeleka kwenye tairi la nyuma.

Angalia na stendi ya pembeni. Ukiikunja iruke yenyewe na ikae. Springi legevu inaishusha njiani, na ukikata kona ya kushoto inagota ardhini.

Majaribio sasa. Uwanja mtupu, helmeti kichwani, viatu vya kufunga, hakuna abiria. Kwanza isukume kwa miguu injini ikiwa imezimwa, shika breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Gurudumu lisimame bila kugota wala sahani kusogea. Pili, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, rudia zote mbili. Tatu, km 20 kwa saa, breki polepole kisha kwa nguvu. Nne, km 40 sehemu iliyonyooka, legeza mikono bila kuachia usukani, usikie kama inavutwa upande. Ikivuta, rudi kwenye alama za swingamu.

Baada ya kilomita 5 simama, angalia mistari ya rangi yote. Rudia kwenye kilomita 50, kisha 200. Breki shuu mpya na cheni mpya zitakuwa zimejikalia, kwa hiyo kuseti upya kwenye kilomita 200 ni kawaida.

#17 CheniKavu

Kwenye hizo kilomita 5, gusa habu zote mbili kabla hujagusa kitu kingine. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuweka kiganja, breki inabana. Dondoshea tone la maji: likichemka na kulia, usiendelee, legeza seti ya breki na uzungushe gurudumu hewani.

#18 Kibaruti

Wakuu nimefika kilomita 5. Mistari yote mizima. Habu ya mbele ya vuguvugu, ya nyuma kiganja hakikai. Mchezo wa pedali nimepima ni milimita 25.

#19 Namba17

Mchezo ukiwa sahihi na bado ina moto, tatizo liko ndani. Inua nyuma, zungusha gurudumu, kanyaga breki na uachie. Angalia ule mkono kwenye sahani: je, unarudi mara moja au unajivuta?

#20 Kibaruti

Unajivuta. Nikiusukuma kwa mkono ndiyo unarudi hadi mwisho.

#21 Namba17

Basi shafti ya kamu ni kavu au ina kutu kwenye tundu la sahani. Toa gurudumu, toa shuu, toa mkono baada ya kuweka alama, chomoa shafti. Isugue kwa msasa laini mpaka ing'ae, safisha tundu, paka grisi nyembamba kama ukungu, futa inayozidi. Mahali pa kupaka ni shafti, uso wa kamu na kile kipini ambacho shuu zinazungukia, basi. Grisi ikiyeyuka ikaingia kwenye shuu, hizo shuu zimekufa.

Angalia na springi mbili za shuu. Zikiwa zimenyooka hadi macho yake yameachana, weka mpya. Halafu unaporudisha, kumbuka chuma cha sahani, splitipini mpya, na ukanyage breki kabla ya kukaza ekseli. Kisha anza majaribio upya kutoka kusukuma kwa miguu.

#22 Kibaruti

Shafti ilikuwa na kutu nyekundu upande wa nje. Nimesugua, mkono sasa unarudi wenyewe kwa kishindo. Kilomita 5 za pili: habu ya nyuma kiganja kinakaa. Nimechora mistari mipya, nitaangalia tena kwenye 50.